Shina la Mwiba Likiwa Nje

Hiyo Jumanne ungeniona nikipanda Landrova ya polisi ungedhani naenda harusi. Nimejipaka mafuta, buti nimezipiga rangi mara mbili, na kwa mkoba nimebeba *Kiburi cha Ndila*, nakala yangu ya kidato cha nne, ile niliishona mgongo na uzi wa gunia. Aibu ni yangu, kwa sababu tulikuwa tunatafuta mwalimu aliyepotea, na hiyo ilikuwa siku ya tatu. Lakini aliyeandika hicho kitabu, Mzee Evanson Mutiso mwenyewe, ndiye tulikuwa tunaenda kumhoji! Mimi, Konstebo Mbinya Kiema, miezi minne tu tangu nitoke kolege ya polisi, niende nikae nyumba moja na yeye!

Kama ulisoma shule yoyote Kenya hii, hadithi unaijua. Ni ile njaa ya 1961, ile wazee wanaiita njaa ya ndege, sababu chakula kilikuwa kinadondoshwa na ndege. Ndila, bibi wa kwanza wa boma moja la Kasikeu, anakataa unga kwa sababu bibi mdogo amegawiwa kwanza. Wenzake wote wanahamia kambi ya chakula. Yeye anabaki, na sasa yale maneno tulikuwa tunayaimba darasani: *Ndila akavuta mwiba kwa mikono yake miwili, akajifungia na kiburi chake.* Anakufa peke yake ndani. Mwalimu wetu akifika hapo alikuwa anatuangalia sisi wasichana mmoja mmoja.

"Konstebo," Inspekta Ndungu akasema, "unachekelea nini? Kuna mtu amepotea."

"Sicheki, afande. Ni jua."

Inspekta Ndungu ni wa Murang'a. Alikuwa amekaa Ukambani miaka miwili na Kikamba chake kilikuwa kinaishia kwa salamu. Kila kitu kwake ni saa na ripoti. Aliangalia saa yake, tukaondoka.

Tulianza Matiliku, kwa nyumba ya huyo mwalimu. Jina lake Kalondu, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya wasichana, miaka kama arobaini, hajaolewa, anaishi na mama yake mzee. Jumamosi asubuhi alimwambia mama anaenda Kasikeu kuona mwandishi. Akachukua mkoba na mwavuli. Basi.

Kwa meza yake kulikuwa na vitabu viwili vya mazoezi, vimeandikwa 1 na 2 kwa wino mwekundu. Nikafungua cha kwanza. Mistari miwili tu nikaitambua. Alikuwa anaandika *Kiburi cha Ndila* upya! Hadithi ile ile, njaa ile ile, lakini anayesimulia si yule wa kitabu. Anayesimulia ni jirani, mwanamke mpita njia, hana hata jina. Mwalimu mkuu alikuwa ametuambia Kalondu angeisoma Ijumaa, siku ya zawadi, mbele ya wazazi na watu wa elimu, maana kitabu cha Mzee kilikuwa kinarudishwa kwa mtihani mwaka unaofuata.

Inspekta akageuza kitabu cha pili. Chini ya ukurasa wa mwisho Kalondu alikuwa ameandika, *Endelea kitabu cha 3.*

"Cha tatu kiko wapi, mama?"

Mama yake Kalondu, Syombua, alikuwa amekaa kwa kigoda mlangoni, leso mbili, miguu imenyooshwa. Hakuinua macho.

"Tatu hakuna."

"Hapa imeandikwa kuna cha tatu."

"Mimi sijui kusoma."

"Alikuwa na ugomvi na mtu? Na huyo Mzee Evanson?"

"Mzee Evanson ni mtu ya kanisa," Syombua akasema, pole pole, kama mtu anasoma ubao.

"Hiyo si jibu, mama."

"Ni jibu yenye iko."

Inspekta akafunga notibuku yake paa. Alipotoka nje kuongea na majirani, huyo mama mzee akanishika mkono wa sweta. Vidole vyake vilikuwa baridi, na jua lile la Oktoba!

"Wewe ni mtoto ya nani?"

"Wa Kiema, susu," nikasema, ndivyo kwetu tunamwita nyanya. "Wa huku chini Kasikeu."

"Kasikeu." Akaachilia sweta. "Huko ndiko nilitoka. Kuja jikoni unisaidie gunia."

Gunia lilikuwa la ndengu. Aliingiza mkono mpaka kwapa, akatoa kitabu cha mazoezi chenye vumbi la kijani. Namba 3.

"Susu! Huu ni ushahidi, unaficha polisi?"

"Ndiyo nakupatia, si wewe ni polisi? Usisome mbele ya mwanaume." Aliangalia mlango. "Mimi mdomo yangu imekataa miaka ishirini na saba. Kalondu ndiye aliitoa huko ndani, kidogo kidogo, kila jioni anaandika. Sasa imemmeza. Nirudishie mtoto yangu. Hata akiwa vipi, nirudishie."

Nikaweka kitabu ndani ya shati. Furaha yangu ya asubuhi ilikuwa imeanza kupungua, lakini haikuwa imeisha. Niseme tu hivyo.

*

Kasikeu Landrova haikuweza kuvuka korongo, tukaiacha kwa barabara tukapanda njia ya miguu. Mbele kidogo tukafika boma la zamani. Ua wa miiba mirefu kuliko mtu, mikonge imejaa katikati, na kilango kimezibwa na tawi kubwa la mgunga. Inspekta akaenda moja kwa moja akashika hilo tawi kwa shina, avute.

"Afande, hapana! Hapa hakuna watu."

"Umejuaje? Hata hujabisha."

Nikacheka. Haki ya Mungu nilicheka. Nikamfundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwetu ukiingia nyumbani jioni unavuta tawi la mwiba nyuma yako, kwa hivyo shina linabaki ndani, upande wako, na miiba inatazama nje. Lakini mkihama, au mkienda safari wote, unatoka kwanza halafu unalivuta ukiwa nje. Shina linabaki nje. Mtu akipita akaona shina liko nje anajua wenyewe wameenda, na haingii. Ukiingia wewe ni mwizi.

"Kwa hivyo mti unaongea," Inspekta akasema.

"Unaongea, afande. Tena haudanganyi."

"Kwetu tunagonga mlango." Akaacha shina, akapangusa mikono. Mimi nikipita karibu tawi likanishika sweta begani, nikajivuta, nikaendelea. Sikuangalia nyuma.

Nyumba mpya ya Mzee Evanson iko juu kidogo, mabati mekundu, miti ya machungwa mbele. Alitoka mwenyewe kutulaki. Miaka kama sabini, mrefu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo, sauti laini ya mwalimu mkuu ambaye hajawahi kulazimika kupiga kelele. Nilimwamkia kwa Kikamba kwa heshima zote, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mwiitu wakwa," akasema, binti yangu, "polisi siku hizi wamepata wasichana wazuri."

Mikono yake ilikuwa na plasta mbili na mikwaruzo mingi, mirefu, mingine bado myekundu. Akaona naangalia.

"Machungwa," akasema. "Nilikuwa nakata matawi. Mchungwa una miiba kuliko mke wa pili."

Tukacheka wote, hata Inspekta. Chai ikaletwa. Inspekta akaanza.

"Mwalimu Kalondu hajarudi nyumbani. Mama yake anasema alikuja kwako."

"Alikuja, ndiyo. Jumamosi, kama saa nne. Tukanywa chai hapo ulipokaa wewe."

"Alitaka nini?"

"Ah, msichana ana kipaji. Anataka kuandika kitabu changu upya." Akatabasamu. "Nilimwambia, Kalondu, nyumba ikishajengwa huwezi kuja na msingi mwingine. Akakasirika kidogo. Halafu akasema anapanda gari kwenda Kyuso, kwa dada yake, atulize akili."

"Kyuso?" Inspekta akaandika. "Dada anaitwa nani?"

"Kasyoka. Ameolewa na mfanyabiashara wa mbuzi huko. Hata nilimsindikiza mpaka barabarani."

"Mama yake hakutaja Kyuso."

"Mama yake ni mzee, Inspekta. Anasahau hata jina lake."

Mimi nikaingilia, mdomo huu! "Mzee, lile boma hapo chini ndilo la kwenye kitabu? La Ndila?"

Kikombe kilisimama kidogo kabla ya kufika mdomoni. Kidogo sana.

"Ndilo. Sijalifungua tangu mwaka wa sitini na moja, mwiitu wakwa. Mambo mengine unaachia mchwa."

Nilitoa nakala yangu. Aliutazama ule uzi wa gunia, akafurahi, akatoa kalamu. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri. Nilisoma nikiwa bado mlangoni: *Kwa Mbinya. Mwanamke asiwe na kiburi. E. Mutiso.*

Unaweza kuamini nilimshukuru?

*

Tuliendesha kama maili moja, redieta ikachemka hapo darajani. Inspekta akatoa mtungi, akafungua boneti, mvuke ukampiga usoni kama wa sufuria.

"Ikipoa tunaenda moja kwa moja mpaka Kyuso," akasema. "Safari ya siku nzima. Tutafika usiku tukiwa na bahati."

Nikakaa chini ya kivuli cha gari nikatoa kitabu cha tatu. Mwandiko wa Kalondu, lakini maneno ni ya yule mpita njia. Nanukuu vile yalikuwa:

*Siku ile nilitoka kuchukua unga wa ndege, debe nusu, nimebeba mgongoni. Nikapitia kwa Ndila. Tulikuwa majirani miaka sita. Alikuwa mgonjwa wa njaa, hawezi kusimama, nilijua. Nilitaka nimwachie vikombe viwili. Nikafika kwa kilango. Shina lilikuwa nje. Nikasema, basi, wamembeba wakaenda naye, Mungu asifiwe. Nikapita. Nyuma yangu nikasikia kitu kama mbuzi anakohoa. Nikasema, mbuzi wa hapa walikufa wote. Nikapita.*

*Siku ya tisa bwana yake alirudi akamkuta. Akalia mbele ya watu. Akasema amejifungia. Watu wakaamini, maana walipofika tawi lilikuwa limeshatolewa. Lakini mimi niliona shina. Mtu aliye ndani hawezi kuvuta mwiba shina likabaki nje. Alifungiwa na mtu aliyekuwa anatoka, na huyo mtu alijua sisi wote tutapita.*

Bwana yake. Mwenye lile boma, yule aliyenishika mkono kwa mikono miwili. Na mpita njia si wa kubuni. Mpita njia ni susu Syombua.

Begani kitu kilikuwa kinanichoma. Nikatia mkono. Kipande cha mwiba kutoka lile tawi kilikuwa kimenasa kwa sweta, na juu yake majani madogo madogo ya mgunga.

Ya kijani. Laini. Nikayasugua, yakatoa maji kwa kidole.

Tawi la mgunga ukilikata, jua la kwetu linalikausha siku nne tano, majani yanapukutika yote. Boma halijafunguliwa tangu sitini na moja, alisema. Na lile tawi lilikatwa juzi. Mikwaruzo ile haikuwa ya machungwa.

Na mimi nilipita. Nilipita nikicheka, nikimfundisha mtu mzima kupita.

"Afande!"

"Nini?"

"Lile boma. Nadhani Mwalimu Kalondu yuko ndani."

Alinitazama juu ya boneti. "Konstebo, wewe mwenyewe umeniambia hakuna mtu. Umesema mti haudanganyi."

"Nilikosea, afande. Majani ya lile tawi ni mabichi, na hiki kitabu cha tatu nimepewa na susu Syombua."

"Huyo ni mzee wa kanisa. Mwandishi. Nikirudi nivunje boma lake kwa sababu ya hadithi ya kitabu cha mazoezi, kesho nahamishiwa Lodwar, huko jangwani. Tunaenda Kyuso."

Nikaona hapa ukweli hautanisaidia. "Basi, afande, notibuku. Nimeisahau kwa Mzee."

"Notibuku ya *serikali*?" Akaangalia saa. "Dakika ishirini! Moja ikizidi nakuandikia ripoti kwa mkono wangu."

Nilikimbia.

*

Saa saba mchana, jua limesimama wima, hakuna hata ndege. Nilifika kwa kilango nikashika shina. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nikavuta mpaka nafasi ya kupita mtu mmoja, nikaingia kwa ubavu, miiba ikanichana mkono.

Ndani hakuna kitu. Msingi wa nyumba, mawe matatu ya jiko bado yamekaa vizuri kama yanangoja sufuria. Mwavuli! Mwavuli mweusi umelala kwa majani. Na nyuma, tangi la maji la zamani, lile la kuchimbwa chini na kujengwa kwa mawe, mdomo wake umefunikwa bati bovu.

"Mwalimu?" Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto. "Mwalimu Kalondu?"

Chini ya bati kitu kikakohoa.

Nilitupa bati kando. Harufu ikanipiga. Tangi lilikuwa kavu, kina kama watu wawili wamesimama mmoja juu ya mwingine, na chini kabisa mwanamke amekaa, mgongo kwa ukuta, mguu mmoja umelala vibaya. Midomo yake ilikuwa imepasuka imekuwa myeupe. Alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kuelewa.

"Shina," akasema. "Shina liko wapi?"

"Nje, Mwalimu. Mimi ni polisi. Nimeingia. Nakutoa sasa hivi."

"Alisema anionyeshe mahali Ndila alilala. Akanisukuma." Akavuta pumzi. "Anakuja kila siku mchana. Anasimama hapo juu. Anasikiliza kama bado."

Kila siku mchana.

Ndipo nikasikia nyuma yangu. Kama mtu anaburuta mkeka kwa changarawe, pole pole, bila haraka. Niligeuka na kukimbia lakini nilichelewa. Tawi lilikuwa limeingia kilangoni mpaka mwisho, miiba yote upande wangu, mirefu kama sindano za magunia. Nilisukuma kwa mabega. Nilisukuma kwa buti. Shina hilo lilikuwa upande wa pili na mtu alikuwa amelishika.

"Mbinya," akasema Mzee Evanson, kwa sauti ile ile ya chai. "Mwiitu wakwa. Si nilikuandikia?"

"Fungua! Mimi ni polisi! Inspekta anakuja!"

"Inspekta anaenda Kyuso. Nimeona gari likivuka daraja."

Labda lilikuwa gari jingine. Labda si jingine. Kwa nyufa za ua niliona shati jeupe likitembea, na nikasikia kitu kinamwagika, glug, glug, glug, halafu pua ikaniambia. Mafuta taa.

"Kitabu kimeshaandikwa," akasema, akitembea. "Watoto wangapi wamefaulu mtihani na hicho kitabu? Wewe mwenyewe umefaulu. Sasa mwanamke mmoja na mama yake asiyejua kusoma waje kusahihisha? Baada ya miaka ishirini na saba?"

"Mzee, tafadhali. Mwalimu yuko hai. Mtoe tu, tuongee."

"Hata Ndila alikuwa hai," akasema, kama anakubaliana na mimi.

Kiberiti kilitikiswa. Njiti ya kwanza ilizima. Ya pili sikuiona, nilisikia tu ua wa miaka ishirini na saba ukishika, sauti kama watu wengi wanavunja vijiti. Moshi ukaingia mzito, wa njano. Nilipiga nduru mpaka koo likakauka. Nilizunguka ua mzima nikitafuta tundu. Mikonge ilikuwa imesimama kama mapanga. Mwisho nikarudi kwa tangi, nikashikilia ukingo, nikajiachilia chini kwa Mwalimu, maana huko angalau kulikuwa na hewa. Kifundo cha mguu kikalia. Alinishika mkono. Tukafunika pua na leso yake moja.

Nikataka kupiga nduru tena. Hakuna kilichotoka ila kikohozi.

Halafu, mbali, honi. Halafu sauti tamu kuliko kwaya yoyote ya Krismasi.

"KONSTEBO! Dakika thelathini na mbili! Thelathini na mbili!"

Nilikohoa. Ndicho tu nilichoweza. Mwalimu naye akakohoa. Tuliwasikia huko juu kupitia moshi, waziwazi kabisa.

"Inspekta," Mzee akasema, hata hakupandisha sauti, "karibu. Nachoma boma bovu, lina nyoka. Msichana wako ameshuka njia ile nyingine."

"Moto wa saa saba, na kiangazi hiki?"

"Ni desturi yetu kabla ya mvua."

Kikohozi kikanitoka tena, kibaya.

"Ni nini hiyo?"

"Mbuzi."

Mimi chini huko nilishika mkono wa Mwalimu mpaka nadhani nilimuumiza. Yeyote wa kwetu, wallahi, yeyote, angeangalia kile kilango. Angeona shina.

"Mbuzi wako anaungua na wewe umesimama?"

"Hakuna mtu ndani, Inspekta. Angalia mwenyewe, shina liko nje. Hata msichana wako angekueleza. Ukiona hivyo huingii. Ni mila."

Na Inspekta Ndungu wa Murang'a, Mungu ambariki yeye na ukoo wake wote na kila mtu ambaye hakuwahi kumfundisha mila yoyote ya Ukambani, akasema, "Mimi mambo ya miti sijui. Mti ni mti. Toka hapo."

Nikasikia tawi likivutwa.

*

Alitutoa na kamba ya kuvutia gari, Mwalimu kwanza. Mzee hakukimbia. Alikaa kwa jiwe, mikono juu ya magoti, akangoja pingu kama mtu anangoja basi. Alisema kitu kimoja tu Inspekta alipomfunga: "Umeingia nyumbani kwa mtu bila kubisha."

"Nilibisha kwa buti," Inspekta akasema.

Jioni ile, Mwalimu akiwa amelazwa, amenyweshwa maji kwa kijiko, mguu umefungwa, nilirudi Matiliku na Landrova na mguu wangu uliovimba. Syombua alikuwa bado kwa kigoda kile kile. Sidhani alikuwa ameinuka tangu asubuhi. Akasimama aliponiona peke yangu, akashika ukuta.

"Yuko hai, susu. Mguu umevunjika. Anakuuliza."

Akakaa tena chini pole pole, akapangusa leso yake ambayo haikuwa na vumbi.

"Alikuwa wapi?"

"Ndani ya boma. Kwa tangi."

"Shina?"

Nilitaka kudanganya. Ningeweza. "Nje, susu."

"Na wewe ulipita."

"Nilipita. Halafu nikarudi."

Alitikisa kichwa mara nyingi, ndogo ndogo. "Mimi sikurudi," akasema. Kuku walikuwa wanaingia. Tukaangalia kuku. Halafu akanyoosha kidole kwa mkoba wangu. "Uko na karatasi ya serikali?"

"Iko."

"Andika vile nasema. Usitengeneze Kiswahili yangu. Kwa kitabu ya Kalondu nilimwambia asiweke jina. Niliogopa. Wewe weka. Weka kwanza, kabla ya kitu ingine."

Nikatoa fomu, nikaiweka juu ya ile nakala ya *Kiburi cha Ndila* iwe ngumu kuandikia, maana hicho ndicho kitabu tu nilikuwa nacho. Nikashika kalamu. Herufi zikatoka mbaya, lakini zinasomeka:

*Mimi naitwa Syombua. Mwaka wa 1961 nilipita kwa kilango cha Ndila nikiwa na unga mgongoni.*